Mama wa Saa Nane

Wiki ya kwanza niliuliza maswali ishirini na sita na kutoa amri kumi na tano, yote ndani ya dakika tano. Noreen alinionyesha karatasi aliyokuwa akihesabia, imejaa vistari kama ya mtu anayehesabu magunia bandarini.

Kanuni ya kile chumba ni kwamba mzazi anayecheza na mtoto haulizi, haamuru, hasahihishi. Anataja anachomwona mtoto akikifanya, anarudia maneno ya mtoto, anamsifu. Basi. Noreen, mshauri wa familia yetu, anakaa nyuma ya kioo. Ukiwa ndani unajiona mwenyewe tu na nywele zako. Yeye kule nyuma anakuona wewe, na anakunong'oneza kwa kidude ulichopachika sikioni.

“Hilo swali, Britta,” aliniambia.

Nikafumba mdomo. Binti yangu alikuwa anapanga matofali ya mbao huku amenipa mgongo.

“Kaa vizuri, kiti kitakuangusha,” nikasema.

“Hiyo amri.”

“Sasa aanguke?” nikajibu kwa sauti, na mtoto akageuka kunitazama kama mtu aonaye kichaa sokoni.

Mimi ni mpishi wa meli ya ziwani inayobeba madini ya chuma. Watu ishirini na wawili hula mara tatu kwa siku kutoka mikononi mwangu, na jikoni mwa meli hakuna lugha ila hizo mbili: nani hajala, na funga hiyo friji! Kumwambia mtu “nakuona unakula viazi” ni kutafuta kuchekwa hadi mwisho wa msimu. Lakini katikati ya Januari malango ya mfereji wa meli hufungwa, ziwa linaganda, meli zinalazwa bandarini hapa Duluth, nasi tunarudi makwetu. Katikati ya Machi zinaamshwa, na wa kwanza kuitwa ni mpishi, maana mafundi nao wana matumbo. Nilikuwa na wiki nane za kumpata mtoto wangu.

Maana nilikuwa nimempoteza, wala sitafuti neno la kupamba. Linnea alikuwa ametimiza miaka minne mwezi wa Novemba, mimi nikiwa majini. Siku ya pili tangu nirudi nilitaka kumwogesha. Aliniuma hapa, chini ya kidole gumba, na hakuachia mpaka baba yake alipomwita jina mara mbili. Siku ya nne alinirushia bakuli la uji wa shayiri. Tangu siku ya kwanza aliniita Britta. Siyo mama. Britta, kama karani anavyoita watu wa foleni. Mwaka uliotangulia aliona haya siku mbili tu, ya tatu akalala kifuani kwangu. Safari hii, ng'o. Daktari wa watoto alipoona jeraha la mkono wangu ndiye aliyetutuma kwa Noreen.

Watu wa meli tuna desturi moja. Siku unayoteremka unazima simu, unaitupa ndani ya droo, inakaa humo hadi msimu mpya. Umeishi kwa simu miezi kumi. Nyumbani unataka kuishi kwa macho na mikono. Mwaka ule ndio kwanza meli yetu iliwekewa mtandao wa setilaiti, na kila siku saa nane mchana, vyombo vya chakula vikishaoshwa, nilikuwa nampigia Linnea kwa video. Alinionyesha michoro yake, soksi zake, kinyesi cha mbwa wa jirani. Kwa hiyo ile droo niliifunga kwa furaha kuliko mwaka wowote. Nilijiambia, sasa nampata mtoto mwenyewe, mwenye joto lake.

Curt, mume wangu, alifuzu kanuni hizo mapema. Wiki ya tatu nilikaa nyuma ya kioo na Noreen, nikawatazama. Curt hutengeneza matanuru ya kupashia nyumba joto, vidole vyake havitakati hata ukivisugua kwa mchanga, lakini kwenye kile kizulia alikuwa kama aliyezaliwa hapo.

“Umeweka ng'ombe juu ya paa,” alisema.

“Ng'ombe anaogopa,” alisema Linnea.

“Ng'ombe anaogopa.”

“Baba, na wewe panda!”

“Umenikaribisha. Asante kwa kunikaribisha.” Akaweka kidole chake kikubwa juu ya paa la mbao, nyumba nzima ikabomoka, na wote wawili wakagaragara kwa kicheko. Spika ya chumba chetu ni mbovu, kicheko kilikuja kwa mikwaruzo.

“Curt hiki kipaji kazaliwa nacho,” nikamwambia Noreen.

“Curt amekuwa naye miezi kumi,” alisema, bila ubaya. Noreen ni mama mtu mzima, anavaa sweta zilizofumwa na dada yake, na husema ukweli kama anayekupitishia chumvi. Asiyekuwepo na lake halipo. Ndiyo aliyokuwa anasema, kwa adabu. Nilikaa pale nikitazama familia yangu ikicheka upande wa pili wa kioo, na nilikuwa mpweke kuliko nilivyowahi kuwa katikati ya ziwa usiku wa dhoruba. Majini angalau kuna mtu anayekulalamikia kahawa.

Tulipewa kazi ya nyumbani, dakika tano kila siku. Linnea alipokataa kukaa nami nilijizoeza kwa Curt.

“Unakata kitunguu,” nilimwambia jikoni.

“Ehee.”

“Unakata kitunguu vizuri. Nimependa unavyokata kitunguu.”

“Na wewe unanitia wazimu,” alisema. “Asante kwa kunitia wazimu vizuri.”

Tulicheka mpaka nikashika meza. Kutoka sebuleni ikaja sauti ndogo, kali: “Baba! Usicheke naye!”

Curt akatazama kitunguu chake. “Atazoea, Britta. Mpe muda tu.”

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Muda ndio niliokuwa sina. Nilienda bafuni, nikafungulia maji, nikalia nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa beseni.

Wiki ya tano Linnea aliingia kile chumba bila kuvutwa. Alivua mabuti mwenyewe. Nilikaa kwenye kizulia, kidude sikioni, mikono magotini kama mtu anayesubiri hukumu. Alichukua matofali manne akayalaza chini, mawili juu yake.

“Unajenga,” nikasema.

“Hiki kitanda.”

“Hiki kitanda.”

“Vizuri,” alinong'ona Noreen sikioni. “Endelea hivyo hivyo.”

“Kitanda cha mama,” alisema Linnea.

Nilitaka kuuliza, mama gani, unamaanisha mimi, njoo hapa. “Kitanda cha mama,” nikasema.

“Hayumo.”

“Hayumo.”

“Hapigi simu tena.” Alikuwa anasawazisha tofali kwa kidole, hanitazami. “Alikuwa anapiga. Sasa hapigi.”

“Alikuwa anapiga. Sasa hapigi.”

“Tangu Britta aje.”

Noreen, mwenye neno la kunong'ona kwa kila kitu, hakunong'ona kitu. Kanuni ilikuwa moja tu, nami ndiyo niliyokuwa nayo.

“Tangu Britta aje,” nikasema, “mama hapigi tena.”

Alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu Januari alinitazama usoni bila hasira, sekunde mbili tatu, kama mtu aliyepata mwenzake wa msiba. Kisha akabomoa kitanda, na dakika tano zikaisha.

Noreen alikuja na karatasi yake. Hakuna swali hata moja. Hakuna amri. Kurudia maneno, nimepita kiwango. “Umefaulu,” alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilitaka kuichana ile karatasi.

Tulikaa ndani ya gari, Linnea amelala kwenye kiti chake cha nyuma, kioo cha mbele kimeganda barafu na Curt haikwangui.

“Saa nane,” alisema. “Kila siku saa nane anakaa mezani pale jikoni. Anaegemeza tableti kwenye kopo la sukari, anakaa tu.”

“Na hukuniambia?”

“Nilidhani anataka katuni.”

“Katuni! Curt! Mtoto anakaa mbele ya kioo cheusi siku thelathini, wewe unadhani katuni?”

“Na wewe ulikuwa wapi saa nane, Britta? Ulikuwa unakanda mkate!” Curt si mtu wa kupiga kelele, kwa hiyo ilituuma wote wawili. Ni kweli. Saa nane nilikuwa nakanda mkate wa iliki anaoupenda, hatua nne kutoka kwenye meza ile, nikimwona amekaa, nikishukuru kwamba angalau yuko jikoni nami.

Hapo ndipo yote yalipopanga foleni kichwani mwangu. Mama alikuwa yule wa kwenye tableti, mwenye kofia nyeupe, mwenye masufuria ya meli mgongoni, asiyeshika kichana wala sabuni, ambaye kila siku alikuja saa nane akasema umechora nini leo. Kisha akaja mwanamke mwenye harufu ya nguo za sandukuni, akalala kitandani mwa baba, na siku ile ile mama akanyamaza. Ningekuwa mimi pia ningemuuma.

Noreen alitushauri tumwambie kwa maneno mepesi, kisha tusubiri, tusimharakishe. Tulimwambia. Curt alipiga magoti, akamwambia Britta ndiye mama, mama yule yule, ameshuka melini.

“Hapana,” alisema Linnea kwa upole, kama anayemsahihisha mtu mgeni mjini. “Mama ana kofia.”

Mimi na haraka zangu. Nilikimbia chumbani, nikaitoa kofia yangu ya kazi ndani ya begi, nikaivaa, nikasimama mlangoni nikitabasamu kama mjinga.

Sijawahi kusikia mtoto akilia vile. “Hiyo ya mama! Vua! Umemchukulia!” Alinivamia, akanivuta sweta, akaruka hata akaifikia, akakimbia nayo chini ya kitanda chake. Alikaa huko mpaka chakula cha jioni, amelalia kofia. Curt alimpelekea viazi kwa sahani. Mimi nilikula nimesimama, kwenye sinki, kama baharia wa zamu.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hawasemi cha kufanya mwana akiona mwizi wa mzazi ni mzazi mwenyewe.

Kesho yake saa nane kasoro dakika tano niliitoa simu kwenye droo, nikavaa koti, nikaenda gereji. Sikumuuliza Noreen, nilijua angesema tusubiri, na kalenda ya jikoni ilikuwa imebaki na wiki tatu. Gereji yetu haina joto. Nilisimama kati ya friza na sepetu za theluji, pumzi ikitoka moshi, nikapiga.

Ilipokelewa kabla ya mlio wa pili.

“MAMA!”

Sitaweza kuiandika sauti ile. Uso wake wote ulikuwa kwenye skrini, pua karibu igonge.

“Mama, hukupiga!”

Nilijikuta narudia, kwa mazoea. “Sikupiga.”

“Nilikaa, nilikaa!”

“Ulikaa, ulikaa. Nilikosea, Linnea. Nisamehe.”

Alinisamehe pale pale, kama unavyompa mtu biskuti. Kisha alikuwa na habari nyingi. Jirani ana mbwa mwingine. Baba alibomoa nyumba kwa kidole. Na kofia yako iko hapa mama, nimekutunzia, haina uchafu. Kisha akashusha sauti, akakaribia zaidi, nikaona nyusi tu.

“Mama, kuna mtu hapa.”

“Kuna mtu hapo.”

“Anaitwa Britta. Anasema unapanda ngazi, unakunywa maziwa. Kila kitu anasema. Analia bafuni.”

Nilishika mpini wa sepetu. “Analia bafuni.”

“Anafungua maji. Mimi nasikia.” Alifikiri kidogo. “Anapika vizuri. Lakini akienda, utakuja?”

Ningekuwa na akili ningebaki gereji. Lakini nilikuwa mama yake, nilikuwa nimeitwa hivyo mara nyingi zaidi ndani ya dakika kumi kuliko wiki tano zilizopita, na hatua thelathini za baridi zilikuwa zinanitenga naye. Nilianza kutembea. Nilipita chumba cha kuvulia mabuti nikiwa nimeshika simu mbele yangu, naongea, “nakuja, Linnea, tazama, ni mimi,” nikausukuma mlango wa jikoni.

Alikuwa amekaa mezani, kofia yangu imemfunika hadi machoni. Alitazama skrini. Akanitazama mimi. Akatazama skrini, ambapo sasa palionekana jikoni mwake mwenyewe nyuma ya kichwa changu. Curt alisimama karibu na jiko, kijiko mkononi.

Linnea hakulia. Afadhali angelia. Aliitazama ile skrini kwa makini, akaitazama sura yangu sehemu kwa sehemu, na nikamwona anaelewa, kidogo, kisha nikamwona hataki.

“Rudi kule,” akaniambia.

“Linnea, mpenzi—” alianza Curt.

“Rudi kule! Sijamaliza kuongea na mama.”

Nilirudi. Nilipita tena chumba cha mabuti, nikafunga mlango, nikasimama kati ya friza na sepetu, nikainua simu hadi usoni. Alikuwa ananisubiri.

“Haya,” alisema, na machozi yalikuwa yanamtiririka sasa, lakini sauti imara. “Mbwa mpya ana doa hapa.”

“Mbwa mpya ana doa hapo,” nikasema. Tuliongea dakika arobaini. Nilipoingia ndani sikuvihisi vidole vya miguu.

Noreen hakunigombeza. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta kwa sweta. “Basi usije wewe,” alisema. “Mwache yeye ndiye asogeze.”

Kwa hiyo kila siku saa nane niliwasha simu gereji na kuongea na binti yangu. Siku ya sita akasema, “Mama, huko baridi?” Nikasema huku baridi. Akasema, “Unaweza kukaa kwenye mabuti.” Nikahamia chumba cha mabuti. Wiki iliyofuata aliniruhusu nikae kwenye ngazi za chumba cha chini ya nyumba. Kati ya saa nane na saa nane nilikuwa Britta, nilifua, nilipika, hakuniuma tena, na usiku nilimsikia akimwambia baba yake hadithi ambazo mama alizisikia kwanza. Nilimwonea wivu mama yule, nisikufiche. Nilimchukia siku mbili tatu.

Ijumaa kabla ya Jumatatu ya kuripoti melini nilikuwa nimefika kwenye ujia, nje ya chumba chake. Begi langu lilikuwa limefungwa, liko karibu na mlango wa mbele. Kampuni ilikuwa imepiga simu ya nyumbani mara mbili, Curt akawaambia nitawapigia. Nilikaa sakafuni nikauelekeza uso ukutani, kama nilivyokuwa nimeagizwa, mlango wake uko wazi nyuma yangu. Nikapiga. Niliisikia sauti yake mara mbili, moja kwenye simu, moja kisogoni.

Kisha nikasikia soksi zikiburuzika. Alitoka na tableti yake, akakaa chini, akauegemeza mgongo wake kwenye mgongo wangu. Sikusogea. Sikuthubutu hata kupumua kwa kina.

“Mama,” aliiambia tableti, “Britta yuko hapa.”

“Britta yuko hapo.”

“Ana mgongo wa moto.”

“Ana mgongo wa moto.”

“Jumatatu anaenda melini. Baba kasema.”

Nilijua linalofuata, kurudia maneno yake. Wiki nane nilikuwa nimefundishwa linalofuata, na nilikuwa nimefaulu.

“Haendi,” nikasema.

Curt nilikuwa sijamwambia. Kampuni sijaiambia. Mimi mwenyewe ndio kwanza nalisikia. Mgongo wa mtoto ulikaza, kisha taratibu ukalegea, kichwa chake kikanigonga katikati ya mabega kikatulia hapo.

“Na wewe, mama?” aliuliza kwa sauti ndogo. “Utakuja?”

“Nitakuja.”

“Lini?”

“Utakapotaka.”

Alifikiri. Kwenye skrini niliona macho yake yakitazama pembeni, kule ambako, kama angegeuka kidogo tu, angekiona kisogo changu.

“Siyo leo,” akasema, akaniegemea kwa uzito wake wote.